Siku Mama Alipokuja Kunituza

Ile video bado inazunguka. Juzi, kwenye harusi moja kule Temple Hills, Maryland, kijana ambaye sikumfahamu alinijia na simu yake, anacheka mpaka machozi, akaniwekea mbele ya uso. Mwanamke aliyevaa buibui na viatu vya mpira vya kazini anatembea juu ya barafu. Mkono mmoja ameuinua, noti zimetokeza kati ya vidole, na mabega yanacheza polepole kufuata fidla. Mbele yake msichana mwenye nguo ya buluu anasimama ghafla. Chini ya video mtu ameandika mzaha.

"Umeicheki hii?" kijana akaniuliza. "Huyu mathe alikuwa ame-lose it kabisa."

Nikamrudishia simu yake nikaenda kuchukua pilau, maana ningefungua mdomo pale ningeiharibu harusi ya watu. Msichana mwenye nguo ya buluu ni mimi. Yule mwanamke ni mama yangu, na akili zake zilikuwa timamu kuliko za wote waliokuwa mle ukumbini siku ile. Nimenyamaza miaka mingi. Sasa viatu vya barafu nimeshavitundika, nafundisha watoto wa wenzangu, na mama amestaafu. Nilipomwambia kwamba nitaiandika habari hii alisema niandike, ila nisithubutu kusema alikuwa mnene.

Hakuwa mnene.

Tulitoka Mombasa tukaja Marekani nikiwa na miaka tisa, mimi na yeye. Baba alisema atatufuata, kisha akapata mke mwingine akamfuata huyo. Mama akapata kazi ya kulea wazee katika nyumba moja ya wazee upande wa Herndon, Virginia, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Hapo karibu palikuwa na ukumbi wa barafu. Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa bingwa hunitengenezea hadithi wenyewe: binti wa nchi ya joto aliona barafu kwenye televisheni, akaota ndoto. Gazeti moja la hapa liliandika hivyo hivyo, na hadi leo sijui hiyo ndoto waliitoa wapi, kwa sababu mimi hakuna aliyeniuliza. Mama alikuwa anatafuta mahali pa kuniacha baada ya shule. Ukumbini kulikuwa na mlango unaofungwa, choo safi, na watu wazima waliokuwa macho. Kama jirani yetu angekuwa duka la vitabu, leo labda ningekuwa mwalimu wa fasihi.

Lakini ilikuwa barafu, na nikaipenda. Siwezi kuieleza sana. Nilikuwa mtoto mwenye aibu, Kiingereza kinanikwama kooni, darasani najificha nyuma ya nywele za wenzangu. Kwenye barafu hakuna aliyenitaka niseme kitu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena, magoti yakawa meusi, na mama akawa anayakanda kwa maji ya moto akiniuliza kwani huko shule hakuna netiboli.

Kocha wangu ndiye aliyeniona. Alikuwa mwanamke wa makamo, naye mhamiaji, kutoka nchi ya baridi kali, na alipenda kutukumbusha kwamba alifika Marekani na begi moja. "Sisi ni watu wa aina moja," alikuwa akimwambia mama, ameweka mkono kifuani. Akanichukua, na mama akaongeza zamu. Miaka yote iliyofuata tuliamka alfajiri. Mama akitoka kazini alikuja moja kwa moja na sare yake, akakaa kwenye viti vya baridi vya ukumbi, akalala ameketi, kidevu kifuani, kanga ameitupia mabegani. Na hakuja mikono mitupu. Alileta mahamri na mbaazi za nazi kwenye chombo cha plastiki, kwa ajili ya kocha. Kocha alikuwa akikifungua kile chombo kabla hata ya kuvua koti. Alijua siku mbaazi zilipozidi chumvi, na alisema.

Nayataja haya makusudi. Pale ukumbini hakuna aliyekuwa hamjui mama yangu. Dereva wa mashine ya kulainisha barafu alimpungia mkono. Wazazi wa wenzangu walimpita kwenye ngazi kila asubuhi. Mmoja wao alimletea nguo ya mwanawe imechanika zipu dakika za mwisho, na mama akaamka usingizini akaishona hapo hapo, kwa sindano aliyokuwa nayo mkobani.

Mashindanoni tu ndiko hakufika. Mashindano huwa wikiendi, na wikiendi ndipo watoto wa wale wazee wanapokuja kuwaangalia, basi wasimamizi wanataka wafanyakazi wajae. Mama aliziona medali zangu zikiwa zimeshafika nyumbani, zimelala mezani kando ya bakuli la sukari. Alizigusa, akasema mashallah, akaniuliza kama nimekula.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nimebakiza hatua moja kuingia mashindano ya taifa. Kocha akaja na wazo. Alisema majaji wamechoka na muziki ule ule, wanataka kitu chenye asili yangu. "Lete cha kwenu," aliniambia. Alifikiri nitaleta ngoma za kurukaruka na vilio. Nikamwambia kwetu hatupigi hizo, kwetu ni taarabu. Mama akanitafutia kanda ya binamu yake, ambaye kundi lake lilikuwa likipiga harusini: ganuni, udi, kodiani na fidla, bila mwimbaji. Kocha akaisikiliza amefumba macho, akasema ni dhahabu. Tukaikata ikawa dakika nne. Katikati tuliacha kipande kile ambacho ala zote zinanyamaza, fidla inabaki peke yake inalia taratibu. Pale sikuruka wala kuzunguka, niliteleza tu, mikono imefunguka, kuelekea upande wa watazamaji.

Aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani anajua mahali kama hapo panafanya nini kwa wanawake. Ndipo wanapoinuka. Mtu anatoka kwenye kiti chake, anacheza taratibu mpaka mbele, anamtuza mwimbaji, anamwekea noti mkononi au anambandikia kwenye paji la uso, anarudi akicheza vile vile. Hangoji wimbo uishe. Ukingoja uishe ni kama umemwambia hukuguswa. Na mwimbaji naye hasimami, anapokea huku anaimba, ndiyo heshima yake. Hawa wenzetu wa hapa nao wana desturi yao: ukimaliza wanakurushia vidoli vya dubu na maua yaliyofungwa kwa nailoni. Hiyo hakuna anayeicheka.

Mashindano yalifanyika Maryland. Mama alifanikiwa kubadilishana zamu ya jioni, na mama mdogo, ndugu yake anayekaa Lanham, akaenda kumchukua kazini, wakafika mbio wakakuta viti vya mbele kando ya mlango mdogo wa kuingilia barafuni. Ule mlango ulikuwa haujakazwa. Hiyo ilikuwa siku ya pili; ya kwanza nilikuwa nimeongoza. Niliingia katikati ya barafu, nikasimama, nikawaona wote wawili, mama mdogo ananipungia mikono yote miwili kama anayesimamisha teksi, mama ametulia tu ananitazama. Tangu nianze kushindana hakuwahi kuniona nikiwa nimevaa nguo ya mashindano.

Nilianza vizuri. Niliruka, nikatua, nikasikia makofi. Kisha ala zikanyamaza, fidla ikabaki, nami nikageuka nikaelekea upande wao mikono imefunguka.

Mama akainuka. Nimemuuliza mara nyingi alikuwa akifikiria nini, naye hunijibu kwamba hakufikiria, alisikia fidla ya binamu yake na akamwona mwanawe anamjia. Akausukuma ule mlango. Akakanyaga barafu na viatu vyake vya kazini kana kwamba ni mkeka wa ukumbi wa harusi, na hakuteleza, wallahi hakuteleza hata kidogo. Mkono juu, noti mkononi. Anacheza.

Mimi nilisimama kwa sababu ningemgonga. Filimbi ikalia, muziki ukakatwa, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kabla sijafika kwake walinzi wawili walikuwa wameshamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku, noti zimetawanyika kwenye barafu. Wakamtoa hadi ukingoni. Mtu akacheka juu kwenye viti, kisha wengine wakafuata. Zile simu zilizokuwa zimeinuliwa ndizo zilizozaa video mnayoifurahia.

Mwamuzi mkuu akashuka, mwanamume mrefu mwenye skafu. Kocha alikuwa ameshafika pale. Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, mlinzi hajamwachia. Mwamuzi akaeleza kanuni yao kwa sauti ambayo sote tuliisikia: aliyeingia akiwa ni mtu wa upande wangu, nitakatwa pointi, na kwa jinsi tulivyokuwa tumekaribiana na aliyenifuata, nafasi ya taifa imekwenda. Akiwa ni mtu wa nje aliyejiingilia tu, kosa si langu, nitaendelea pale nilipoishia.

Kisha akamgeukia kocha. "Unamjua mwanamke huyu?"

Kocha akamtazama mama. Akamtazama vizuri, juu hadi chini, na mdomo ule ule uliokula mbaazi zake miaka yote ile ukasema, "Sijawahi kumwona maishani mwangu."

Nilisema, na nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza ambacho siku hiyo hakikunikwama popote: "Ni mama yangu."

Kocha akanishika bega. "Amepata mshtuko," akamwambia mwamuzi. "Hajui anachosema."

"Ni mama yangu! Muulizeni yeye mwenyewe!"

Wakamuuliza. Na hapa ndipo wale wanaocheka video hawajafika, kwa sababu video inakatika mlinzi anapomshika. Mama yangu alinyoosha buibui lake. Kiingereza chake watu walikidharau, walimsemesha polepole na kwa kelele kama kiziwi, lakini alikuwa amekielewa chote, kanuni na pointi na taifa. Akamwambia mwamuzi, kwa adabu, vile alivyokuwa akizungumza na wale wazee wake: "Hapana, bwana. Simjui msichana huyu. Ana roho nzuri, amenionea huruma, anataka kunisaidia. Mimi nilisikia muziki tu."

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, "mama, unafanya nini?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu kwenye basi. Hakunijibu, kwa sababu angenijibu kwa lugha yetu, mambo yangekwisha.

Mwamuzi alimtazama viatu, akalitazama buibui, akanitazama mimi na nguo yangu ya vishanga. Na akamwamini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mtoto anasema huyu ni mama yangu, analia, na mtu mzima mwenye akili zake anaamua kwamba mtoto anakosea, kwa sababu kwake ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mwanamke wa namna ile hana uhusiano wowote na barafu yake. Muziki wetu ulikuwa mzuri. Kocha alisema ni dhahabu, majaji walitikisa vichwa. Walitaka cha kwetu, ila wenyewe tubaki nje.

Niliwageukia wale wazazi. Walikuwa pale, safu ya tatu, wote wa ukumbi wetu. Yule wa zipu alikuwa anapekua mkoba wake kwa bidii kama aliyepoteza funguo. Nilimngoja ainue kichwa. Hakuinua.

Mama mdogo alitaka kupiga kelele, nilimwona anajaza kifua, na mama akamkata jicho moja tu akanywea. Walinzi wakawatoa wote wawili. Mlangoni nilimsikia mmoja akimwambia mama kwamba asionekane tena mahali pale, na mama akaitikia, "Yes, sir."

Nilipewa muda wa kupumua. Kocha akanifuta uso kwa taulo, akaniambia nifikirie kazi. Ningeweza kuvua viatu. Nilifikiria kuvivua, kamba nilikuwa nimezishika. Lakini mtu ameshatolewa nje, ameshaaibishwa, kwa ajili ya dakika mbili zile zilizobaki, na mimi nizitupe? Nikarudi katikati. Fidla ikaanza tena kulia peke yake. Niliteleza kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada, hasira ya kocha, ya mwamuzi, ya safu ya tatu, na ndiyo, hasira ya mama pia, kwa sababu nilikuwa nimesema ukweli na yeye ndiye aliyeniangusha. Kocha hupenda kuwasimulia watu kwamba sijawahi kuteleza vizuri kama siku ile. Hilo nalo linaniudhi.

Wakanirushia vidoli. Nikaviacha pale pale.

Nilishinda. Mwandishi wa gazeti akaniuliza wazazi wangu wako wapi siku kubwa kama hii, na kocha akanijibia kwamba wako kazini, watu wanaojituma sana. Nikamwacha anaendelea. Nikatoka mbio na medali shingoni hadi maegesho, bado nimevaa viatu vya barafu na vifuniko vyake vya plastiki, natembea kama bata juu ya lami. Gari la mama mdogo lilikuwa mwisho kabisa, injini inanguruma. Mama mdogo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu ume-win? Ume-win kweli?"

Nikazunguka hadi kwenye dirisha la mama. Alilishusha kidogo tu, vidole vyangu vikaingia.

"Nawarudishia hii," nikamwambia. "Narudi ndani sasa hivi. I'm telling everybody. Namtafuta yule refa nimwambie, wakitaka birth certificate nitawaletea kesho."

"Toa vidole, nitakubana."

"Mama!"

"Sikiza." Alikuwa anatazama mbele, si mimi. Mikono alikuwa ameikalia. "Nimekukana mbele za watu. Mchana kweupe, nimesimama, nimesema huyu simjui. Unadhani lilikuwa neno jepesi lile kulitoa kinywani? Sasa ukarudi huko ukawaambia, itakuwa nimekukana bure. Usinifanye nikawa nimekukana bure."

Nilitaka kumkumbatia, nikashika kitasa cha mlango, na nikasikia kimefungwa kwa ndani. Watu walikuwa wameanza kutoka ukumbini, wazazi, walinzi, kocha mwenyewe anakuja na begi langu.

"Wanatazama," mama akasema. "Toka hapo dirishani. Mwambie mwalimu wako akurudishe." Kisha akamwambia mama mdogo, "Twende."

Wakaondoka. Mimi nikabaki kwenye lami na medali yangu, na mama yangu amenipita kwenye gari bila kugeuza shingo, kama mtu asiyekuwa na mwana pale. Sikuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani ila kupanda gari la kocha.

Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, ilikuwa imejaa. Tukavuka mto tukaingia Virginia. Yeye alikuwa na furaha, alikuwa anagonga usukani kwa vidole, na hatimaye ikamshinda kuizuia.

"Mama yako ni mwanamke shupavu sana," akasema. "Nilijua atanielewa."

"Usimtaje," nikamwambia. "Wewe humjui."